Majina Kumi Kabla ya Kiraka

Juma lililopita nilienda kwenye matanga ya Papa Byamungu, huku mutaa wa Mapendo, na nilienda na moyo mweupe. Ninaliandika hilo mbele, kwa sababu yatakayofuata yanaweza kumufanya musomaji afikiri nilienda kutafuta maneno. Hapana. Nilifunga kitenge cha kilio, nikatembea polepole juu ya mawe meusi mpaka kwake, nikamushika mukono mujane wake, Mama Jeanne, nikakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema na kulia kama wengine. Yule muzee alikuwa direkta wa maternite, nyumba ya kuzalishia wamama, katika mutaa wa Mabanga, mahali nilifanya kazi miaka makumi mbili. Wanawake walikuwa wanagawa chai wakati Espérance alikuja kuchuchumaa mbele yangu. Akanishika magoti, akasema kwa sauti kubwa na kwa polepole, kama vile wanamusemesha mama muzee ambaye kichwa chake kimeisha: "Koko, unanikumbuka? Ni mimi, Espérance. Espérance wa kazini, wa kwenye biro!" Nilimutazama. Nilikuwa na uwezo wa kumuambia jina la mama yake, jina la padri aliyemubatiza, na jino lililomutesa Kwaresima nzima mpaka nikamupikia uji wa watoto. Nikamujibu tu: "Ninakukumbuka." Ilikuwa miaka mitano hatujaonana. Habari za kuzaliwa kwangu, za wazazi wangu na za watoto niliozaa, siziweki hapa. Hapa ninaandika mwaka mumoja tu. Nilishapita makumi sita nilipouishi, lakini ndio ulionifundisha watu.

Maternite yetu ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba vine, na mabati yaliyopiga kelele siku ya mvua mpaka muganga alimuonyesha mama kwa mukono: sukuma, ngoja, sukuma. Kazi yangu ilikuwa kupika uji wa wazazi, kuchemusha maji na kufua vitambaa. Nilisoma mpaka mwaka wa tatu wa primeri, basi. Kuandika barabara nilijifunza nikiwa mama muzima, kwenye masomo ya parokia, na ndiyo maana mukono wangu unatembea polepole. Lakini kichwa, Mungu alinipa. Kila mutoto aliyezaliwa mule ndani nilijua jina lake, jina la mama yake, na siku ile ilikuwa ya namna gani. Watu waliniita koko, bibi yao wote, na walinisimamisha njiani. "Koko Kavira, huyu wangu wa pili alizaliwa lini? Kwenye masomo wanauliza." Nami ninamujibu: "Baraka? Ilikuwa siku ya tatu ya juma, mvua ya mawe. Ulifika juu ya pikipiki, shemeji yako anakushika nyuma. Ulimuita Exaucé, baba yake akakataa." Wanacheka, mwenyewe anafunika uso na kitenge: "Wee, koko! Basi unachunga mpaka haya zangu!" Heshima yangu yote katika Mabanga ilikuwa ile. Sikuwa na duka, sikuwa na shamba Rutshuru. Nilikuwa na kichwa ambacho watu walikiamini, na mutu aliyetaka kuniibia hakuwa na kitu kingine cha kuiba.

Vitabu vya kuandikia watoto vililoa mara mbili, wino ukakimbia, majina yakawa madoa. Hapo ndipo Papa Byamungu alimuita Espérance, mwanamuke wa miaka kama makumi tatu, mwenye diploma ya informatiki. Walimupa chumba kilichokuwa stoo ya dawa: meza moja, kompyuta ya kukunja, ile mashini yake, dirisha linalotazama kamba ya kuanika vitambaa vya watoto. Alinikuta ninapangusa sakafu, akaniambia majina yote yatahamia kwenye serveri. Nikamuuliza hiyo serveri itafika siku gani, ili nipangushe na kona ingine. Alicheka mpaka akakaa. "Haitakuja, mama. Ni mashini ya kukodi, iko inchi ya mbali, tunaifikia na internet. Wanaita kuweka vitu kwenye wingu." Nikatazama nje, mulima wetu wa moto, Nyiragongo, ulikuwa umevaa wingu lake kama kila asubuhi. "Wingu lile linatunyeshea majivu juu ya nguo," nikamuambia. "Usitie watoto wetu mule." Kuanzia siku hiyo aliniita mama. Mama yake mwenyewe alikufa Butembo, na mimi binti wangu mukubwa yuko mbali. Hatukuandikiana mukataba wa kuwa mama na mutoto; ilikuja yenyewe, kupitia sahani.

Saa sita nilikuwa ninamuletea bugali na majani ya sombe, ama sambaza za kukaanga siku wavuvi walipata, bila pilipili, juu pilipili ilimutoa machozi. Tulikula katika sahani moja juu ya ile meza, mashini ikiwa imesukumwa pembeni. Pale ndipo alinifundisha viraka. "Programu zinatoboka, mama," alisema, anachambua mifupa. "Wezi wanapitia katika matundu. Wenye kuzitengeneza wanatutumia viraka. Lakini kiraka kinaweza kupasua nguo nzima, serveri ikakataa kuamka. Kwa hiyo mbele ya kukipiga tunakagua kwanza kama iko tayari. Nafasi ndani inatosha? Watu wote wametoka, hakuna anayeandika? Grupu ya umeme iko na mafuta, umeme usitukate katikati? Na kubwa kuliko yote: kopi ya majina iko hapa kwetu, na ni nzima? Kupiga kiraka bila kopi ni kama kumupasua mama bila damu ya kumuongeza." Hilo nililielewa kuliko angenifundisha profesa. Niliona wamama wawili wakienda kwa sababu ya damu iliyokosa. Majina yao ninayo.

Siku ya kwanza ya kiraka nilikuwa nimeleta chai tu. Espérance alinyoosha mugongo, akasema: "Kopi imeisha. Mashini inasema ni nzima, mama. Tuko tayari." Sijui nani alinisukuma, nikauliza: "Merveille wa Mama Furaha iko ndani? Yule wa Jumapili?" Akasema atakuwa ndani. Nikamuambia atazame. Akafungua kopi pembeni, akaandika jina, akangoja. Akaandika tena. Akanigeukia, uso umepauka. "Mama, haiko." Tukajaribu wa Jumamosi, haiko. Wa Ijumaa, haiko. Internet ilikatika usiku, kopi ikaishia njiani, lakini mashini ilihesabu ilichopokea na kusema ni chote. Mashini haijui inachokosa. Haikuwa pale wakati mutoto alilia. Espérance alinikumbatia na beseni la vikombe mukononi, chai ikamwagika kwenye fishi zake, zile karatasi za kujaza. Alimuita Papa Byamungu aje kuona. Papa Byamungu alipiga mikono, akasema kwa ile sauti yake ya kupendeza: "Mama Kavira, kumbe weye ndiye serveri yetu!" Tukacheka watatu, na wazazi katika chumba cha pili wakauliza kunani.

Hivyo ikawa desturi ya nyumba. Kila wakati kiraka kilikuja, kwa kawaida siku ya ine, ndiyo Alhamisi, mchana, chanjo zikiisha, Espérance aliniita: "Mama, leta majina." Ninapangusa mikono, ninakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ninatoa kumi kutoka kichwani, na yeye anayatafuta katika kopi. Nilijifunza kuyachagua. Mumoja wa zamani kabisa. Mapacha. Aliyebadilishwa jina. Aliyekufa mbele ya ubatizo, kwa sababu hao, watu wanapenda kuwasahau. Na kila mara, bila kuruka hata mara moja, yule wa mwisho kuzaliwa, hata kama bado alikuwa analia ng'ambo ya mbao. Huyo ndiye wa lazima: akionekana yeye, kopi ni ya leo. Yakionekana yote kumi, Espérance alijaza fishi, akasinye jina lake, nami nikasinye langu chini yake kama mushahidi: Kavira, kwa herufi kubwa. Ndipo alibonyeza. Ninasema ukweli, kuliona jina langu kwenye ile karatasi kulinifurahisha kuliko kitenge kipya.

Sasa ile siku ya ine. Wageni walikuwa wanakuja Ijumaa kutazama maternite, na Papa Byamungu alitaka waone programu mupya inang'aa. Tangu asubuhi nilisikia kupitia mbao viatu vyake vinaenda na kurudi. "Bado?" "Bado, papa, internet ni zaifu, kopi haijafika hata nusu." "Bado?" "Papa, tungoje kesho." "Kesho nitawaonyesha nini, Espérance? Kamba ya vitambaa?" Mimi nilikuwa mbio, mama wawili wanazaa pamoja, maji ya moto hayatoshi. Espérance alinikuta katika koridori, fishi juu ya kitabu. "Mama, sinye hapa, usipoteze saa. Majina nitakuja kukuuliza sasa hivi." Fishi ilikuwa tupu. Nilikuwa na sufuria mukono wa kuume. Nikaiweka chini, nikasinye. Hapa musomaji anaweza kunilaumu, na mimi ninajilaumu. Lakini ni nani anayemuuliza binti wake kwa nini karatasi ni tupu? Hakuja kuniuliza. Saa kumi nilimuona anatoka, nikamuuliza: "Na majina?" Akasema: "Ilipita muzuri, mama, usihangaike," na hakunitazama.

Kesho yake serveri haikuamka. Kiraka kiliipasua, kama alivyonifundisha mwenyewe. Wakarudisha kopi, ikaamka. Lakini ilikuwa kopi ya kiraka kilichotangulia, ya wiki kumi na moja nyuma. Ile ya siku ya ine haikuisha kamwe. Kila mutoto aliyezaliwa katika wiki zile hakuwamo. Makumi ine na mumoja. Bila jina katika serveri, ambayo sasa ndiyo ilikuwa buku la serikali la watoto, mutoto hapati karatasi ya kuzaliwa, na bila ile karatasi, siku moja mulango wa masomo unafungwa mbele yake.

Tulikaa mukutano katika biro, ofisi ya Papa Byamungu, wafanyakazi wote, chai na mikate juu ya meza kama vile ni sikukuu. Papa Byamungu alishika fishi, akasoma: kopi imekaguliwa, majina kumi yameonekana, mushahidi Kavira. Nikasema: "Siku ile hakuniuliza jina hata moja." Espérance alikuwa anatazama mukate wake. Akasema polepole: "Mama, ulinipa. Niliyaandika." Akafungua kaye yake, daftari la kazi, akasoma majina kumi. Yalikuwa yangu, kweli, nilitambua namna yangu ya kuyapanga. Lakini ni yale niliyomupa wiki kumi na moja nyuma. Aliyachukua ya zamani akayatafuta katika kopi ya zamani, na yote yakaonekana, yangekosaje? Nikasimama. "Tazameni vizuri! Mule hakuna mutoto wa juma hili. Mimi ninatoa kila mara wa mwisho kuzaliwa. Siku ile wa mwisho alikuwa Plamedi wa Mama Riziki. Yuko wapi katika hiyo kaye?" Papa Byamungu akainamisha kichwa upande, kama mutu anayemubembeleza mugonjwa. "Pengine siku ile ulisahau, mama. Ulikuwa na kazi nyingi." "Mimi sisahau, papa." "Kila mutu anasahau, mama. Umri ni umri. Si zambi." Nikamutazama Espérance. Nilingoja. Angesema neno moja tu. Alichukua kikombe, akakunywa, akasema: "Mama alianza kuchoka tangu zamani kidogo. Mimi nilikuwa ninamufunikia makosa, juu ninamupenda." Angenitukana ningepona. Lakini alitia upendo ndani, na wote pale mezani wakanitazama kwa huruma, na mutu mumoja akanisogezea sukari.

Nikawaambia: kama ni hivyo, kaeni, mimi nitoe wote. Nikatoa makumi ine na mumoja, na mama zao, na siku zao, nimesimama, bila kukwama. Niliwaona wanaacha kutafuna. Papa Byamungu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema buku la serikali haliwezi kujazwa kutoka kichwa ambacho kimeshakosa mara moja. Wamama waje wenyewe na karatasi zao za kliniki. Basi nikaenda kuwatafuta. Wiki mbili, mulango kwa mulango, Mabanga nzima na vichochoro vya Mapendo, ninapiga hodi: "Mama Riziki, chukua karatasi ya Plamedi, uende kwenye maternite." Walinikaribisha na maharagi, na ndizi, wengine na maji tu. Makumi tatu na wanane walienda. Espérance mwenyewe ndiye aliwaandika, na kila mumoja alikuwa kama nilivyosema, jina kwa jina, siku kwa siku. Ilibidi aone. Hakuvuka ile koridori kuja kuniambia. Watatu sikuwapata: Héritier wa Mama Sifa, Neema wa Mama Kanyere, na Amani wa Uwimana, ambaye mama yake alirudi kwao Kiwanja kuuza viazi na simu yake haikupita tena.

Habari haikungoja. Siku moja karibu na bomba la maji mama mumoja kijana aliniuliza mutoto wake alizaliwa saa ngapi, mbele sijafungua kinywa jirani yake akamuvuta kitenge: "Usimusumbue. Koko kichwa chake kimeanza kuvuja, hukusikia ya maternite?" Alisema kwa sauti ya chini, kwa adabu. Nilijibu swali, saa tisa za mchana, mutoto alitanguliza miguu. Walitikisa vichwa, ndiyo, koko, aksanti, koko, na niliona kwenye macho yao kwamba hawakulichukua jibu langu. Kisha hakuna aliyeuliza tena. Sasa wakinikuta njiani wananiuliza kama nimekula. Mwisho wa mwaka ule walinipumuzisha kazi. Waliandaa kuku na wali, wakanipa kitenge, Espérance akasoma hotuba ya kunisifu. Nilikula, juu nilikuwa nimemupika yule kuku mimi mwenyewe. Miaka mitano nimekuwa nikisema moyoni: Espérance aliniuza, lakini Papa Byamungu alidanganywa kama wengine. Yeye alisoma tu kilichoandikwa. Ndiyo maana nilimulilia.

Pale kwenye matanga, Espérance hakuondoka magotini pangu. Watu walipoenda kunawa mikono kwa chakula, alisogeza kiti, akaiacha ile sauti ya kusemesha wagonjwa. "Mama, kesho tunamuzika. Siwezi kuendelea na hili." Akaendelea: "Siku ile ile serveri ilikataa kuamka, nilienda kwake ninalia. Nilimuambia yote. Kopi ya zamani, majina ya zamani, fishi tupu. Nilimuambia: papa, Mama Kavira hana kosa. Alifunga mulango. Akasema: weye uko na diploma na miaka ya kazi mbele yako. Mama Kavira atapoteza nini? Muzee kusahau, nani atashangaa?" Nikamuuliza: "Alisema hivyo? Nani atashangaa?" "Hivyo hivyo, mama." "Na weye?" Alikamua mikono. "Mimi nilikuwa na watoto wawili." Nikamuambia: "Ninawajua. Gloire na Bienvenu. Niliwapokea na hii mikono." Akaanza kulia, akaniomba musamaha. Nikamuambia musamaha wake uko pale mbele, kwenye mikrofoni, hema limejaa watu wa Mabanga, ainuke awaambie. Akatazama mikrofoni. Akatazama jeneza. "Mama," akasema, "si siku yake." Alikuwa na haki, na kesho itakuwa si siku yake pia.

Chakula kilikuwa kimefika kwenye magoti yangu, sikumbuki nani aliniletea. Hilo peke yake sikumbuki. Nilikuwa ninaihesabu upya miaka mitano: kila salamu ya Papa Byamungu kanisani, kila mara alinipisha mbele mulangoni, ile mikono yake miwili juu ya mukono wangu. Alijua. Kila mara alijua. Ndipo Mama Jeanne alikuja kati ya viti, mutoto wake wa mwisho anamubebea mikrofoni. "Mama Kavira," alisema, "weye ulikaa naye kazini kuliko wote. Watoto wanataka wasikie baba yao alikuwa mutu wa namna gani. Marehemu alizoea kusema kichwa chako kilichoka. Mimi sikumuamini hata siku moja. Weye unakumbuka kila kitu. Utuambie." Watoto watano walikuwa juu ya mukeka, wananitazama. Espérance alikuwa amefunga macho. Nilishika ile mikrofoni. Nilikuwa na maneno yote, kwa mupangilio wake, na hakuna hata mutoto mumoja kati ya wale watano niliyeweza kumupatia. "Unisamehe, Mama Jeanne," nikasema. "Nimesahau." Chini ya hema lote wakaguna kwa huruma, mutu nyuma akasema pole, koko, na Mama Jeanne akaichukua mikrofoni mukononi mwangu polepole, ananipapasa bega, ananitazama kama wengine.